Pavement walivunjika lini hasa, na nani aliyewavunja?

KinandaKibovu

Wakuu, salaam. Kuna wimbo ulinijia wenyewe kwenye simu nikiwa naosha vyombo. Orodha yangu ilikuwa imeisha, programu ikaendelea kujichagulia. Unaitwa "Harness Your Hopes". Niliurudia mpaka mama akauliza kama simu imeganda. Wenyewe ni Pavement, Wamarekani wa Stockton, California, walianza 1989.

Nimeshasikiliza albamu zao zote tano, na ya mwisho, Terror Twilight ya 1999, ndiyo inanisumbua. Ni nzuri, ila kuna ubaridi fulani ndani yake. Nikisoma habari zao nachanganyikiwa zaidi: huku wanasema bendi ilikufa London Novemba 1999, kule wanasema 2000, halafu naona picha wakipiga 2010 na tena 2022. Aliyeivunja ni nani? Mtayarishaji? Au Stephen Malkmus, mwimbaji wao mkuu, mwenyewe? Wajuzi naomba mnijuze.

Chuma_cha_Pua

Nigel Godrich, mtayarishaji wa Terror Twilight. Katoka kutengeneza OK Computer ya Radiohead, akaletewa watu waliozoea kurekodi ovyo ovyo, akawapiga pasi mpaka mikunjo yote ikaisha. Mikunjo ndiyo ilikuwa Pavement. Mengine porojo.

FundiMitambo_Tanga

Mkuu Chuma, umemwonea Godrich wa watu.

Kazi yangu ni kukaa nyuma ya mitambo. Bendi ikipiga ukumbini, mimi ndiye ninayempandisha huyu na kumshusha yule, na bendi inayokaribia kusambaratika huwa naijua kabla wenyewe hawajaambiana: kila mmoja anaomba ajisikie yeye tu kwenye monita yake, ile spika inayomrudishia sauti jukwaani. Pavement nimewasikiliza kwa sikio hilo, na ninachokisikia hakianzii kwa mtayarishaji.

Chukua kalamu, hesabu nyimbo za Scott Kannberg, yule anayejiita Spiral Stairs. Yeye na Malkmus ndio waanzilishi, wamejuana Stockton toka utotoni. Slanted and Enchanted (1992) ana "Two States". Crooked Rain, Crooked Rain (1994) ana "Hit the Plane Down". Wowee Zowee (1995) anazo mbili, "Kennel District" na "Western Homes". Brighten the Corners (1997) mbili tena, "Date with IKEA" na "Passat Dream". Haya, Terror Twilight: hana hata mmoja. Nyimbo zake za kipindi kile, "Your Time to Change" na "Stub Your Toe", zilienda kuwekwa nyuma ya "Major Leagues" kwenye EP, yaani rekodi fupi ya nyimbo chache. Mwanzilishi mwenza anapiga gitaa albamu nzima na hapewi hata dakika tatu za kuimba chake. Mimi hapo sihitaji kuambiwa kitu kingine.

Sasa sikiliza drams. Mpiga drams wao ni Steve West, lakini kwenye baadhi ya nyimbo za albamu ile aliyekaa kwenye kiti ni Dominic Murcott wa bendi ya High Llamas. Kwa rekodi ya studio hilo ni jambo la kawaida, kwa urafiki si la kawaida.

Halafu tazama walikuwa wakiishi wapi mwishoni mwa miaka ya 90. Malkmus Portland, upande wa magharibi kabisa. Kannberg California. Mark Ibold wa besi yuko New York, West yuko Virginia, na Bob Nastanovich kahamia Louisville kwenye farasi wa mashindano, mapenzi yake makubwa kuliko muziki (na ndiko alikofanya kazi baadaye). Hakuna mazoezi ya jioni hapo. Wanakutana studio au uwanja wa ndege, wanafundishwa nyimbo zilizokwisha kutungwa Portland, wanapiga, wanaachana. Wakianza, umbali huo uliwasaidia. Kulegalega kwao ndiko watu walikokupenda. Lakini ili kulegalega kupendeze inabidi wote mlegee pamoja.

Na hiyo pasi unayosema, Chuma, hebu ona. Godrich alitaka albamu ifunguliwe na "Platform Blues", wimbo mrefu, mgumu, wenye harmonika ya Jonny Greenwood wa Radiohead inayokwaruza. Bendi ikakataa, ikafungua na "Spit on a Stranger", laini kama nini. Lilipotoka toleo kubwa la 2022, Farewell Horizontal, mpangilio wa Godrich ulirudishwa. Usikilize huo kwanza kisha uniambie nani alikuwa ameshika pasi.

Chuma_cha_Pua

Nimeusikiliza. Sawa, nakupa nusu. Ila mimi nasema uchovu ulianza mapema. "Cut Your Hair" ilipigwa redioni 1994, kila mtu akasema hawa ndio wanafuata nyayo za Nirvana. Wao wakajibu kwa Wowee Zowee, nyimbo 18 zisizo na kichwa wala mguu (naipenda sana hiyo albamu, msinitukane). Mwaka huohuo wakawekwa kwenye Lollapalooza, tamasha la bendi nyingi linalozunguka miji, wakafika West Virginia watu wakawarushia matope na mawe mpaka wakashuka jukwaani. Ukishapigwa matope mbele ya wenzako, ndoto ya kuwa wakubwa inaisha, na ikiisha unabaki unajiuliza mnaendelea kwa ajili ya nini.

FundiMitambo_Tanga

Hilo la matope nalikubali, ila baada yake walitoa Brighten the Corners, na ile ni albamu ya watu wenye afya. Walirekodi North Carolina kwenye studio ya Mitch Easter, na nyimbo zilikuwa nyingi mpaka zikabaki. "Harness Your Hopes" aliyoisikia Kinanda ni mabaki ya kikao kile. Waliiacha nje ya albamu, ikaja kutoka 1999 kama wimbo wa ziada kwenye EP ya "Spit on a Stranger". Miaka karibu ishirini baadaye mashine ya Spotify ikaanza kuwapa watu bila kuombwa, TikTok ikamalizia, na leo ndio wimbo wao unaosikilizwa kuliko wote. Bendi inayoacha wimbo kama huo jalalani haikuwa na njaa ya nyimbo.

KinandaKibovu

Asante sana mkuu. Na ile habari ya pingu ni kweli au ni hadithi za mtandaoni?

FundiMitambo_Tanga

Ni kweli. Brixton Academy, London, tarehe 20 Novemba 1999, onyesho la mwisho la ziara. Malkmus alitundika pingu kwenye stendi ya maikrofoni, akawaonyesha watu, akasema ndivyo ilivyo kuwa kwenye bendi miaka yote hii. Watu wanaipenda sana picha hiyo kwa sababu ni nyepesi kuisimulia. Lakini usiku ule hakuna aliyesema bendi imekufa. Wiki chache baadaye upande wa Domino, lebo iliyokuwa ikiwatoa Uingereza, ukasema Pavement wanastaafu kwa muda usiojulikana ili waanze familia, wazunguke dunia kwa mashua, waingie kwenye mambo ya kompyuta, wacheze dansi, na waangaliwe kidogo. Mzaha mtupu. Utavunjaje bendi kwa mzaha?

Kwa hiyo ile ya 2000 unayoiona imeandikwa, chanzo chake ni simu. Kannberg amesimulia kwamba Malkmus alimpigia kumwambia abadilishe maneno kwenye tovuti ya bendi, aandike kwamba wao si bendi tena, maana watu wanamsumbua kumuuliza. Yaani mwanzilishi mwenza anapewa habari ya msiba na hapohapo anaambiwa yeye ndiye akatangaze. Pingu ni mchezo wa jukwaani. Mimi simu ile ndiyo inaniuma.

Mwaka 2001 wote wawili walikuwa na albamu madukani, kila mtu na yake: Malkmus kwa jina lake mwenyewe, Kannberg na bendi yake mpya, Preston School of Industry.

MzeeWaMsondo

Vijana, nimepita tu. Huko kwa wenzetu mtu mmoja akikasirika bendi inazikwa? Hapa mwimbaji Gurumo alitoka Msondo kwenda Mlimani Park (Sikinde) 1978, akatoka kwenda Safari Sound 1985, baadaye akarudi Msondo. Msondo ipo, Sikinde ipo. Watu walihama na ngoma iliendelea kulia.

FundiMitambo_Tanga

Shikamoo mzee. Hapo umegusa penyewe. Bendi zetu jina na vyombo vilikuwa vya mwenye bendi, jumuiya au shirika, na watunzi walikuwa wengi. Akihama mmoja, kuna mwingine kajaa nyimbo kifuani anasubiri nafasi. Pavement jina ni lao wenyewe na mtunzi alibaki mmoja. Laiti Kannberg angekuwa bado anapewa mbili kwa albamu, labda Malkmus angeondoka na wengine wangeendelea. Wakati anaondoka, hakukuwa na cha kuendelea nacho.

MzeeWaMsondo

Marahaba. Basi kosa ni la huyo mwenye sauti, angegawa.

RukiaLuton

Habari zenu. Mimi ni mtu wa Kisauni, naishi Luton, nilienda kuwaona ukumbi wa Roundhouse, London, Oktoba 2022, walipopiga usiku nne mfululizo. Nataka kumtetea kidogo Malkmus, maana hapa naona anasulubiwa.

Kaka Fundi, kuhesabu nyimbo ni sawa, lakini wimbo hauwekwi kwenye albamu kwa huruma. "Stub Your Toe" nimeisikiliza. Si mbaya. Ukiipandisha kati ya "Spit on a Stranger" na "Major Leagues", albamu inashuka. Mtu anayeandika "Major Leagues" afanye nini, ajifanye hajui?

Nilichokiona 2022 ni watu wenye mvi wanaocheka. Nastanovich anapiga kelele zake, anatoka jasho, anakimbia huku na huku. Ajabu yake ni kwamba aliletwa kwenye bendi ili ashike mapigo, maana mpiga drams wao wa kwanza, Gary Young, alikuwa akilewa yanamponyoka. (Young ndiye yule mwenye studio ya Stockton, amewazidi umri miaka zaidi ya kumi, akisimama kwa mikono jukwaani na kuwagawia mashabiki kabichi mlangoni. Waliachana naye 1993, amefariki Agosti 2023.) Kwenye ziara ile walimwongeza Rebecca Cole kwenye kinanda, na Kannberg aliimba nyimbo zake, "Kennel District" na "Date with IKEA", na Malkmus kasimama pembeni anampigia gitaa vizuri kabisa. "Harness Your Hopes" ilipoanza, waliorukaruka walikuwa watoto ambao 1999 hawajazaliwa. Hakuna pingu wala nini.

FundiMitambo_Tanga

Dada Rukia, nimekuonea wivu wa wazi kabisa. Na kuhusu "Stub Your Toe" sikubishii, masikio yako yako sawa.

Ila umenisaidia hoja yangu. Toka 1999 hawajatoa albamu mpya. Ziara ya 2010 nyimbo za zamani, ya 2022 nyimbo za zamani. Kwa nyimbo za zamani mgawo ulishafanyika kitambo: hii yako, hii yangu, tupige twende. Ugomvi wao haukuwahi kuwa wa jukwaani, ulikuwa wa chumba cha kutungia, na chumba hicho wamekifunga. Malkmus akitaka kutunga anatunga nje, ana bendi yake ya The Jicks na mengine. Ibold naye baada ya Pavement alienda kupiga besi kwenye bendi ya Sonic Youth, yumo kwenye albamu yao The Eternal ya 2009.

Kinanda, jibu lako fupi: bendi ilikufa pale Malkmus alipoanza kuja na albamu nzima kichwani, tuseme 1998, na ikachukua miaka miwili kuambiana. Jina la Terror Twilight alilitoa Nastanovich: ule muda mfupi jua likishazama, nusu ya madereva wamewasha taa na nusu bado, ndio wanaosema ni hatari zaidi barabarani.

Rudia "The Hexx", imo kwenye albamu hiyohiyo, kwa spika za maana, si kwa simu. Gitaa mwishoni.

KinandaKibovu

Nimeazima spika za jirani. Nawapa jibu kesho, leo kuna khitma.