Nimeuziwa samaki wangu mwenyewe! Ile kambi ya ufukweni, wana Mtwara mnaijua

Kihiace Cha Kulala (mwanzisha uzi)

Wakuu, saa nne usiku hii, niko ndani ya gari, milango nimefunga, mama mkwe amelala godoro la nyuma na sijui kesho nitamtazama kwa jicho gani. Mikono inatetemeka. Makosa ya herufi mnivumilie.

Jina sitaji, na hakuna haja. Ile kambi ya kulaza magari, bango limeandikwa "Kambi na Uvuvi, Karibuni Kama Nyumbani". Na yule bwana wa kofia ya ukindu, anayetembea na kalkuleta kama imamu na tasbihi. Mnamjua. Hata Lindi wanamjua. Hata pweza wanamjua, wakimwona wanarudi pangoni.

Nina kihiace changu, nimetoa siti, nimeweka godoro, betri ya pili, sola juu ya paa, jiko la mtungi mdogo na dumu la maji la lita 60. Mzungu akiwa na lake anaitwa mtalii. Mimi getini nimeulizwa nauza mitumba ya aina gani. Sawa, nimezoea. Nimempakia mke, mwanangu wa miaka sita, na mama mkwe aliyeteremka kutoka Newala ambaye hajawahi kulala karibu na bahari tangu azaliwe. Gari 20,000, nikalipa. Mtoto "kichwa ni kichwa" 5,000, nikalipa. Choo kimoja, foleni kama ya mnada wa korosho. Nikanyamaza.

Alfajiri nikaingia na mzee mmoja kwenye ngalawa yake. Tangambili hii, kusi limekata, bahari imelala kama maji ya beseni. Bamvua, zile siku za maji kujaa sana na kukupwa sana, na alfajiri hiyo yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko. Mzee akanipeleka ukingoni mwa mwamba, pale kijani kinapogeuka buluu, chambo ngisi. Nimekaa nimekaa, mara mshipi ukavutwa mpaka ukanikata kidole. KOLEKOLE. Kilo nne hivi, ubavu unang'aa kama sufuria mpya ya bibi harusi. Ndoana kaimeza mpaka kooni. Mzee akasema usiichokoe utamchana, kata tu. Nikakata. Kikabaki kipande cha uzi wa kijani ambao mwanangu aliufunga kwenye ndoana usiku, eti wa bahati.

Huo uzi wa kijani muukumbuke.

Kufika ufukweni, huyo, na kofia yake. "Mkuu, gari lako halina friji, na jua hili samaki ataharibika. Lete tukuhifadhie." Nikasema moyoni, kumbe naye binadamu. Nikampa samaki kwa mikono miwili. KWA MIKONO MIWILI, wakuu!

Jioni nawasha jiko, anakuja mbio: moto marufuku, hata wa gesi. Hatua kumi pembeni kuna wageni wanachoma nyama, moshi unaonekana Msumbiji. Haya, basi nipe samaki wangu mpishi wenu anipikie, mkaa nitalipia. "Mwenye ufunguo wa friji kaenda mjini. Agizeni tu, wako mtaondoka naye kesho." Njaa haina kiburi, tukaagiza samaki wa leo wa kupaka.

Sahani ikaja. Mgeni hupewa kichwa, mama mkwe akapewa kichwa. Anachambua taratibu, kijiko, kidole, kijiko, kidole. Mara akasimama. Akaingiza vidole viwili kwenye koo la samaki, akatoa ndoana. Akaiweka ukingoni mwa sahani. Ina uzi wa kijani. Umelowa tui lakini ni wa kijani.

Akaniangalia, akasema kwa sauti ya chini kabisa: "Baba, huyu si yule wetu?"

Nimeoa miaka nane. Mama mkwe hajawahi kuniuliza swali gumu kama hilo.

Bili: samaki wa leo 35,000. Wali, soda, sijui nini. Na mstari wa mwisho, kwa kalamu nyekundu: "Kuhifadhi samaki kwenye friji, 5,000."

Nikamwita. Nikamwonyesha ndoana. Nikamwonyesha uzi. Nikamwita mwanangu atoe ushahidi. Yule bwana akaitazama ile ndoana kama sonara anapima dhahabu, akasema: "Samaki hana jina, mkuu. Bahari ni moja." Kisha akaisogeza kwangu kwa kidole: "Ndoana chukua, hatuitozi."

HATUITOZI!

Korosho Ghafi

Nimecheka mpaka nimeamsha watoto. Mkuu, hiyo inaitwa stakabadhi ghalani ya samaki, kama tunavyouza korosho. Umepeleka mzigo, umehifadhiwa, umepigwa makato, na mwisho unajikuta unadaiwa. Sisi wakulima tunakukaribisha chamani.

Bi Tui la Kwanza

Pole baba. Ila niulize, huyo mpishi alimpaka kolekole bila kumtoa ndoana kooni? Maana yake hata kumsafisha hakumsafisha! Mimi hapo ndipo ningeanzia ugomvi. Samaki wa kupaka unampasua, unatoa matumbo na mashavu, unamtia chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, unambanika kwanza, ndipo tui zito linafuata. Huyo ni mpishi au mzishi?

Kihiace Cha Kulala

Bi Tui, matumbo alitoa. Ndoana ilikuwa kooni, juu kabisa. Na hoja si usafi. Hoja ni kwamba nimelipia friji YA SAMAKI NILIYEUZIWA.

Mzee wa Maji Kupwa

Kilo nne, 35,000, kapikwa, kapakwa, kaletwa mezani? Mkuu umepata bei ya kutupa. Nipe namba ya huyo bwana.

Kihiace Cha Kulala

Ni WANGU! Nilimvua MIMI!

Mzee wa Maji Kupwa

Basi punguzo ungeomba.

Dada wa Shangani

Nimeweka kambi hapa (bure, bila kichwa ni kichwa) nasubiri mama mkwe aamke. Huo ndio mwisho wa sinema ninaoutaka.

Halafu yule bwana namjua. Mwaka juzi tulikwenda kikundi cha kina mama, akatutoza kivuli. Kivuli cha mnazi! Jua lilipohama akaja kusema tumehamia kivuli cha pili.

Ngalawa Moja

Dada wa Shangani usitanie na kivuli, mimi pale nimetozwa upepo. Nilijaza tairi kwa pampu yangu ya mguu, akasema kelele za pampu zina ada.

Mtoto wa Kilwa

Ndiyo maana tunawaambia kila siku, njooni Lindi. Mtu mzima na akili zake anaacha Kilwa anakwenda kulalia kihiace kwenye uwanja wa mtu. Kwetu unavua, unalala, asubuhi unavuka kwenda Kisiwani kutazama magofu, urithi wa dunia tangu 1981. Na samaki ni wa viwango. Silikanti, yule samaki wa kale kabisa, hapa Tanzania mara ya kwanza alinaswa maji yetu, 2003. Nyie huko mna kolekole mmoja mnamgombania kwa uzi.

Mtwara Kuchele

Mtoto wa Kilwa, huyo silikanti mnamla? Nyama yote mafuta, ukila unashinda chooni, mnamsifia kama babu aliyewahi kuwa mwanajeshi. Kaa na fosili lako. Sisi tuna Mikindani. Livingstone mwenyewe alianzia safari yake ya mwisho ya bara hapo Mikindani, 1866, na ngamia na nyati wake, na hatujasikia popote kwamba aliuziwa samaki wake.

Korosho Ghafi

Yule bwana hakuwepo 1866. Angemtoza kila ngamia. Kichwa ni kichwa.

Kihiace Cha Kulala

Jamani. Uzi wa kijani. Aliuona. Aliuona kwa macho yake akasema hatuitozi.

Dereva wa Kusini

Mkuu unalalamika kulala kwenye gari kwa raha zako, na godoro na mke? Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara pale Somanga, mimi nililala kwenye usukani na abiria nyuma, ndizi moja inauzwa kama kiwanja. Hakukuwa na kambi, friji wala kolekole. Tukitaka kulalamika tulalamike kwa mpangilio.

Abiria Mstaafu

Dereva, basi lako lilikuwa lile lenye kioo cha ubao? Nililipia siti ya dirishani nikapewa ubao.

Dereva wa Kusini

Hilo si langu. Hilo ni la yule mwingine, mnamjua.

Mwalimu wa Nanyamba

Naomba nirudishe mjadala. Mwenye uzi, kosa la kwanza ni lako. Mvuvi haachi samaki wake kwa mtu. Dumu moja, barafu ya 2,000 ya pale sokoni, chumvi ya mawe kidogo, gunia lililolowa juu, kolekole anafika kesho mchana bila neno. Mimi na familia tunakwenda Msimbati, tunalipa kiingilio cha hifadhi, tunatafuta mahali, kila mtu na dumu lake. Hakuna aliyewahi kuuziwa kitu chake.

Noah Iliyozama

Msimbati! Mwalimu usinikumbushe. Watu wameniambia ufukwe ule unapitika na gari, mchanga mgumu kama lami. Hakuna aliyeniambia ni maji yakiwa yamekupwa tu. Nimeegesha Noah, nimekwenda kuogelea, narudi bamvua limejaa, dagaa wanaingia kwenye redio.

Mwalimu wa Nanyamba

Kwa hiyo hukuuliza mwenyeji yeyote? Na upepo wa tairi ulipunguza?

Noah Iliyozama

Nilimuuliza kijana mmoja. Akasema "inapitika". Kweli inapitika, hakusema saa ngapi.

Bi Tui la Kwanza

Haya na hapo sokoni kwenyewe pweza siku hizi wanapimwa na mchanga wake. Jana nimenunua pweza, nimemwosha, nusu imebaki kwenye karai ni ufukwe.

Dada wa Shangani

Bi Tui hiyo ni kweli kabisa! Na wanamlowesha maji apate uzito. Nilimchemsha akabaki kama kitufe cha shati.

Ngalawa Moja

Pweza hapimwi, pweza unamtazama jicho. Halafu bamvua kubwa ndiyo wakati wake, maji yakikupwa miamba inakaa wazi, kina mama wanashuka na mikuki. Ukinunua wakati wa maji mafu, yasiyokupwa sana, unanunua wa siku tatu.

Kihiace Cha Kulala

Wakuu naona mnaongelea pweza. Mama mkwe kaamka.

Dada wa Shangani

EEH! Kasemaje??

Kihiace Cha Kulala

Kauliza kile kichwa kilibaki wapi, maana hakukimaliza. Nimekwenda jikoni kukiulizia. Yule bwana yuko macho na kalkuleta. Kaniambia mabaki yakishaondoka mezani ni ya jikoni, lakini kama ninataka supu ya kichwa ipo, 8,000.

Korosho Ghafi

NIMEKUFA. Huyo bwana apewe wizara.

Mzee wa Maji Kupwa

Supu ya kichwa cha kolekole 8,000 si mbaya kusema kweli.

Kihiace Cha Kulala

Nimeinunua.

Dereva wa Kusini

Umeinunua?!

Kihiace Cha Kulala

Mkuu, ni mama mkwe. Ungefanyaje? Na ukweli usemwe, supu ni nzuri. Lakini hilo halibadilishi kitu! Uzi wa kijani upo hapa kwenye dashibodi, nautazama.

Abiria Mstaafu

Samahani, hiyo sola ya juu ya paa ni wati ngapi? Inavuta feni usiku kucha? Nina Hiace pia, imekaa uani tangu injini igome.

Mtoto wa Kilwa

Injini iligomaje? Inatoa moshi mweupe au mweusi?

Abiria Mstaafu

Mweupe, asubuhi tu. Fundi wa kwanza alisema nozeli, wa pili akasema gasketi, wa tatu akaondoka na nozeli.

Ngalawa Moja

Huyo wa tatu ana kibanda karibu na stendi? Mfupi, anapenda kusema "kesho asubuhi"?

Abiria Mstaafu

Huyo huyo!!

Dereva wa Kusini

Ana gia boksi yangu.

Noah Iliyozama

Ana redio yangu. Na dagaa zangu.

Kihiace Cha Kulala

Samahani wakuu, huu uzi ni wa nani?

Korosho Ghafi

Uzi hauna jina, mkuu. Haya Noah, endelea, redio ulimpa lini?