Tarehe ya MySQL: mwenye duka anataka siku ianze, mwaka umalizie

fundi_wa_moro
Wakuu, habari za jioni. Natengeneza mfumo wa duka la dawa muhimu hapa Morogoro, kwa PHP (lugha ya programu) na MySQL (hifadhidata). Orodha ya dawa zinazokaribia kuisha muda inatoa 2025-11-04. Mama mwenye duka kagoma, anataka 04/11/2025 kama kwenye daftari lake. Nikigeuza safu ya `inaisha` kutoka DATE (tarehe) kuwa VARCHAR (maandishi) kuna ubaya?

dada_wa_seva
Usiiguse hiyo safu, mdogo wangu! Ukiigeuza maandishi, ORDER BY (amri ya kupanga orodha) itapanga herufi kwa herufi: 01/12/2026 itakaa juu ya 30/09/2025 kwa sababu tu 0 hutangulia 3. Kwenye duka la dawa, hapo mtu atauziwa sumu. Iache DATE, badilisha sura wakati wa kuonyesha:

`SELECT jina, DATE_FORMAT(inaisha, '%d/%m/%Y') AS inaisha_soma FROM dawa ORDER BY inaisha`

Hilo jina la AS lisifanane na la safu, la sivyo MySQL itapanga kwa yale maandishi na utarudi palepale. Na Y iwe kubwa. Ndogo inakupa 25 badala ya 2025.

fundi_wa_moro
Imekubali, dada, asante. Sasa kasheshe ni fomu: mama akiandika 04/11/2025, strtotime (ya PHP, inayogeuza maandishi kuwa tarehe) inaingiza 11 Aprili. Akiandika 25/11/2025 inaingia 1970-01-01!

dada_wa_seva
strtotime ikiona mkwaju (/) inasoma Kimarekani, mwezi kwanza. Mwezi wa 25 haupo, inarudisha false, na date() inaihesabu false kuwa sifuri, yaani mwanzo wa 1970. Mwambie PHP umbo lenyewe:

`$t = DateTime::createFromFormat('d/m/Y', $_POST['inaisha']);`

Kisha hifadhi `$t->format('Y-m-d')`. Ila hata hii ukiipa 31/02/2025 inakuletea 3 Machi bila kulalamika. Mimi kwenye fomu ningeweka `<input type="date">` nikapumzika: kivinjari kinamwonyesha mama kinavyotaka, lakini kwako kinatuma mwaka-mwezi-siku.

mzee_wa_kaunta
Vijana, maboksi mengi ya dawa yameandikwa mwezi na mwaka tu, EXP 11/2025. Mama ataweka siku gani hapo? Dawa hiyo inatumika hadi mwisho wa mwezi, kwa hiyo mpe sehemu ya mwezi na mwaka, wewe ujaze siku kwa `LAST_DAY('2025-11-01')`. Inatoa 2025-11-30, na Februari inajijua yenyewe.