Joto la seva kupasha nyumba: linatosha kweli?

Wakuu, naomba kueleweshwa. Hewa inayotoka nyuma ya seva zetu (kompyuta za kuhifadhi na kuchakata data) ina nyuzi 35 hivi. Ukiweka mkono ni uvuguvugu tu. Itapashaje nyumba za mji mzima kwenye nchi za baridi?

Jibu: Haipelekwi ilivyo, ndugu. Kazi yote iko kwenye pampu ya joto. Ndani yake kuna kimiminika kinachochemka kwa joto dogo. Mvuke wake hukandamizwa na kompresa, unapata joto kali, ndipo unapasha maji ya mabomba yaliyofukiwa ardhini. Islington, London, tangu 2020 wanavuta hewa ya reli ya chini ya ardhi, nyuzi 18 hadi 28, na kupata maji ya nyuzi 80 hivi. Mimi hilo hunifurahisha sana!

Jibu: Ila umbali ndio kikwazo. Mabomba ni ghali. Denmark wamefika mbali kwa sababu mtandao wa mabomba ya joto upo tayari. Karibu thuluthi mbili ya nyumba zimeunganishwa.

Muulizaji: Asante sana. Na kiangazi, joto linakwenda wapi?

Jibu: Sehemu hupasha maji ya kuogea. Linalobaki, wengine hulihifadhi kwenye mabwawa makubwa yaliyofunikwa.