WordPress, Joomla au Drupal: ipi itufae kwa tovuti ya saccos?

mkwaju_tz: Wakuu habari zenu. Saccos yetu ina tovuti ambayo fundi aliiandika kurasa moja moja kwa mkono, kubadilisha namba ya simu tu mpaka umpigie, na sasa hivi hapatikani kirahisi, tangazo la mkutano mkuu wa mwaka jana bado linaning'inia pale. Nataka mfumo wa kuendeshea tovuti, mmoja kati ya hiyo mitatu hapo juu, ambao katibu anaingia na pasiwedi yake, anaandika, anabonyeza, basi. Iwe Kiswahili na Kiingereza.

BintiPangani: WordPress kaka. Ipo tangu 2003, mafundi wake wamejaa so ukikwama hukosi mtu. Alafu ina ngazi za watumiaji, katibu mpe ya chini aandike tu, tangazo haliendi hewani mpaka mwenye cheo cha mhariri alipitishe. Kwa saccos hiyo ni muhimu sana, riba ikiandikwa kimakosa wanachama watakuja nayo ofisini.

kodi_usiku: Kwenye lugha mbili napinga. WordPress lazima uongeze plagini (programu ya nyongeza) kama Polylang, na kila plagini ni mlango mwingine wa kulinda. Joomla lugha nyingi zimo humohumo. Na jina lenyewe ni "jumla" yetu ya Kiswahili, walilichukua 2005 walipojitenga na mfumo wa Mambo.

BintiPangani: Jina zuri ila paneli yake ya kuandikia na kupanga kurasa inachosha, makala usipoiunganisha na menyu au kategoria sahihi haionekani. Kuna ofisi niliifundisha siku mbili nzima, wakaishia kunitumia matangazo WhatsApp niwawekee mimi.

mzee_wa_seva: Drupal nimeitumia miaka mingi naipenda, inabeba tovuti kubwa, hata ya Ikulu ya Marekani ilikuwa humo kuanzia 2009 mpaka 2017. Lakini kutoka toleo la 7 kwenda 8 ilikuwa kama kujenga upya, na hiyo 7 iliachwa rasmi Januari 2025. Bila fundi wa kudumu usiiguse. Yoyote utakayochukua, apdeti zisilale, bakapu (nakala ya akiba) ikae nje ya seva inayobeba tovuti, salio la wanachama lisiwekwe humo kabisa. Na domeni (anwani ya tovuti) iandikishwe kwa jina la saccos, siyo la mtu!

mkwaju_tz: Nimeenda kuangalia, kweli iko kwa jina la fundi. Tutachukua WordPress na hiyo Polylang, ila kesho naanza kumtafuta yeye kwanza.