Mchicha au matembele kwa kieneo kidogo nyuma ya nyumba, nianze na kipi?

kibarazani (Kigamboni)
Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo. Nina kieneo nyuma ya nyumba huku Kigamboni, kama mita tatu kwa tano hivi, mchanga mtupu, upande mmoja ukuta wa jirani unaweka kivuli mpaka saa sita mchana ndo jua linaingia. Maji ni ya kisima yana kachumvi kwa mbali, ya bomba yapo ila yanakuja yakijisikia. Kwangu mboga ya majani haikosekani mezani na nimechoka kila jioni kutuma mtoto na jero anarudi na fungu limenyauka. Nataka nianze na kimoja, mchicha au matembele. Aliyewahi kupanda vyote viwili anisaidie, wale wa kilimo cha kwenye simu mpumzike kidogo.

bibi_marando (Mbagala)
Mwanangu panda matembele ulale. Mbegu hununui, marando, yale mashina yake yanayotambaa, unaomba kwa yeyote mwenye tuta, unakata kipande cha sentimita 30 hivi, vifundo viwili vitatu unafukia vingine unaacha juu, unamwagilia mpaka yashike basi. Mwezi na kidogo unaanza kuchuma zile ncha, na unavyozidi kuchuma ndo yanazidi kuchipua, tuta hilohilo utalila miezi na miezi. Mchicha sikatai ni mtamu, ila una kazi, leo umeung'oa kesho unaanza moja, mara umwage mbegu mara upalilie mara umwagilie, mtu anayefika nyumbani saa mbili usiku na foleni zetu hizi ataweza wapi.

muuza_mboga_tbt (Tabata)
Bibi shikamoo, ila mchicha umeuonea 😀 Wiki ya tatu kwenda ya nne upo sufuriani, wakati huo matembele yako ndo kwanza yanazoea udongo. Na nani kasema lazima ung'oe? Kata shina uache vidole vinne chini unachipua tena, hasa zile mbegu za majani mapana kama Madiira zilizotoka kwa watafiti wa mboga kule Arusha. Watu wanafeli kwa sababu wanamwaga mbegu eneo zima siku moja afu wanakula wiki moja mfululizo mpaka wanauchukia, baada ya hapo tuta tupu. Gawa vituta, leo hiki, wiki ijayo kile, wakati unavuna cha kwanza cha mwisho ndo kinaota. Mbegu yenyewe ni ndogo mno kwa hiyo changanya na mchanga mkavu ndo umwage, funika na udongo kiduchu, nusu sentimita tu, ukizika sana haitoki. Tandaza nyasi juu, siku ya nne ya tano ukiona kijani toa. Na mbolea ya kuku iwe imeoza jamani, mbichi inaunguza miche yote.

fundi_udongo (Goba)
Wote mmeongea vizuri ila hamna aliyesoma alichoandika jamaa kuhusu eneo lake. Mchicha unataka jua, joto la Januari na Februari linalotunyima usingizi sisi wenyewe ndo unalolipenda, ukiuweka kivulini unarefuka kishina chembamba na vijani viwili vitatu. Matembele kivuli cha nusu siku yanavumilia. Hapo bibi kashinda. Sasa njoo kwenye maji. Matembele ni majani ya viazi vitamu na viazi vitamu havielewani na chumvi, mwagilia maji ya chumvi mfululizo uone majani yanavyoungua pembeni na kudumaa, mchicha ndo mvumilivu zaidi hapo. Yaani ukuta wako unataka matembele na kisima chako kinataka mchicha.

Ningekua mie ningeweka vyote. Mchicha upande wa jua unywe maji ya kisima, matembele ukutani yapate ya bomba au ya mvua uliyokinga kwenye pipa, maana yakishashika hayanywi sana. Mchicha kwenye mchanga kama huo kiangazi ni asubuhi na jioni, ukikosa maji siku kadhaa unawahi kutoa maua na hapo majani yanakomaa yanakua magumu. Kabla ya yote changanya samadi iliyooza ya kutosha, bila hivyo maji yanapita tu. Masika mvua itakusaidia kuosha chumvi, ila mchicha nao kipindi hicho miche inaoza shina, kwa hiyo inua matuta.

kibarazani
Daah asante fundi, hii ya chumvi sikuitegemea kabisa. Na wadudu je?

muuza_mboga_tbt
Mchicha adui yake ni viwavi, wanakunja jani wanatanda utando wanakula humohumo ndani. Bustani ndogo kama yako pita asubuhi uwatoe kwa mkono, au maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa. Ukiona vipele vyeupe chini ya jani hiyo ni kutu nyeupe, inapenda mchicha uliobanana na majani yanayolala yameloa, punguzia miche nafasi na umwagilie chini kwenye udongo.

fundi_udongo
Matembele yanaumwa virusi, inzi weupe na vidukari ndo wanaeneza, jani linajikunja na mmea unadumaa, dawa hakuna, unang'oa. Ndo maana kwa heshima zote bibi, marando asiombe kwa *yeyote*, aangalie kwanza tuta lenyewe lina afya, ugonjwa unasafiri ndani ya hayohayo marando.

bibi_marando
Hapo umenena mjukuu wangu.

jikoni_ilala
Mnabishana udongo tu, sufuriani je? Matembele yanabeba tui zito, weka kamba au dagaa, vikonyo vimenywe ngozi na yaoshwe vizuri maana yana utomvu. Mchicha wa fastafasta, kitunguu nyanya umemaliza, ukisahau jikoni unakua uji. Wa karanga ndo mwisho wa matatizo. Kwangu watoto matembele hawagusi, baba yao bila matembele anauliza kama leo tumefunga. Kwa hiyo kibarazani uliza kwanza walaji wako.

nesi_wa_zamu
Naongezea kidogo. Vyote vina vitamini A nyingi, weka mafuta au tui ndo mwili uipate vizuri. Ila mchicha una okzaleti nyingi kuliko matembele, mwenye historia ya mawe kwenye figo auchemshe amwage yale maji, na asile kila siku. Na anayetumia warfarin, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani bila kumwambia daktari wake, vitamini K ya humo inagongana na dawa.

mtu_wa_bondeni (Kigogo)
Mimi nasema panda chochote ili mradi ujue kimemwagiliwa maji gani. Mwaka 1999 ulitoka utafiti wa mboga za kandokando ya mto Sinza na Msimbazi, walikuta madini mazito ya risasi na kadimiamu kwenye majani, na hizo ukiosha haziondoki zimeshaingia ndani.

kibarazani
Basi nimeelewa. Mchicha jua, matembele ukutani, pipa la mvua nalitafuta. Bibi, marando yako yana afya? Jumamosi nitakua Mbagala.

bibi_marando
Yana afya kabisa, njoo uyaone mwenyewe kabla sijakata. Njoo jioni jua likipungua na uje na kiroba, nikikukatia ukifika nyumbani yaweke kivulini siku moja au mbili yanyong'onyee kidogo ndo upande, yanawahi kutoa mizizi. Na uniletee huo mchicha ukiwa tayari.