Eti "wewe ndiye umelala"! Mbele ya mteja! Na docker node ps yenyewe hajui inaonyesha nini

Mwana_Kamalondo

Watu wa L'shi (Lubumbashi), jina la shefu wangu sitaji. Hakuna haja. Yule wa koti la rangi ya maziwa, wa "mimi nilianza Linux nyinyi mkinyonya". Mnamjua. Hata nyani wa zoo wanamjua.

Asubuhi hii, simu iko kwenye spika, mteja wa Kinshasa anasikiliza, ameniambia: "Kazi zote zinatembea. Wewe ndiye umelala."

Mimi! Nimelala! Mimi niliyekesha na grupu (jenereta) inanguruma chini ya dirisha, macho mekundu mpaka mlinzi ameniuliza nani amekufa kwetu!

Mambo ni haya. Klasta yetu ya Docker Swarm, mfumo unaogawa kazi za programu kwa mashini kadhaa, ina mashini tatu (ndizo nodi). Moja ndiyo meneja, mbili ni wafanyakazi. Malipo ya mteja yanakaa kwenye ile ya tatu, na huko kontena (boksi ambamo programu inatembea) lilikuwa linaanza, linakufa, linaanza, linakufa, usiku kucha. Nimeingia ndani ya ile ya tatu, nimeandika docker node ps, amri ya kuorodhesha kazi za nodi, imenifukuza: hii si meneja, nenda kaulize huko. Sawa. Funguo za meneja anazo nani? Yeye. Peke yake. Nadhani analala nazo chini ya mto.

Basi nikamwita. Akaja na bakuli la mikate ya mafuta. Akakaa kwenye kiti CHANGU. Akaingia kwenye meneja, akaandika docker node ps, bila jina la nodi, bila chochote, akagonga Enter. Mistari ikashuka: Running, Running, Running. Akapandisha miwani, akatafuna kwanza, akameza, ndipo akaiambia simu ile sentensi.

Jamani, usipoandika jina la nodi, amri hiyo inakuonyesha kazi za mashini uliyokaa ndani yake, basi! Amechungulia chungu cha jikoni kwake, akatangaza kata nzima imeshiba.

Nikasema kwa heshima: "Shefu, tuandike jina la ile ya tatu." Hakuandika. Alisema nimelala. Na mteja akacheka. ALICHEKA. Stajiere (kijana wa mafunzo) naye akainama eti anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa sandali.

Ameondoka na ameacha alama ya kidole chenye mafuta kwenye kioo, juu kabisa ya neno Running. Sifuti. Huo ni ushahidi.

Nimelala. Mimi.

KatubaYetu

Pole sana ndugu. Lakini tuambiane ukweli, ulisinzia kidogo?

Mwana_Kamalondo

Toka hapa.

Mama_Terminali

Wadogo zangu, tucheke baadaye. Angeandika tu

docker node ps $(docker node ls -q)

angepata nodi zote kwa mpigo. Na aweke --no-trunc, maana safu ya ERROR hukatwa mwishoni, na utamu wote uko huko mwishoni. Mdogo wangu, kontena lilikufa na namba gani?

Mwana_Kamalondo

Yaya, kwenye ile ya tatu niliona kwa docker ps -a: Exited (137). Mstari kwa mstari.

Mama_Terminali

137 ni 128 ukijumlisha 9. Limeuawa kwa SIGKILL, ishara ya kuua papo hapo. Nabashiri memori imeisha.

Mwana_Kamalondo

NDIVYO NILIVYOMWAMBIA! Akaniambia nimelala!

Mzee_wa_Golf

Vijana mna haraka. Mkubwa anaweza kusahau jina la nodi, si kosa la kumpeleka hadharani. Heshimuni wakubwa.

Mwana_Kamalondo

Papa, heshima ipo, nilimpa hadi kiti. Hakusahau jina. Nilimtajia sikioni. Alijibu nini? Nisirudie.

KatubaYetu

Rudia.

Mwana_Kamalondo

Kwamba nimelala!!!

Ya_Goma243

Nyinyi mna bahati, shefu wenu anaandika amri. Wetu huku Goma hajawahi kufungua terminali. Anauliza WhatsApp: "Iko kijani?" Ukijibu kijani, anatuma mkono wa pongezi. Ukijibu nyekundu, simu yake inazimika mpaka jioni.

StajiereMpya

Wakubwa, samahani, mimi docker node ps inanipa kazi zilizokufa pia, zinajaa tu. Nifanye nini?

Mama_Terminali

Weka -f desired-state=running, mtoto. Lakini ukitafuta kilichokufa, usiweke, utajifichia mwenyewe.

Kidole_cha_Ruashi

Ngoja kwanza. Meneja MMOJA? Kwenye kazi ya malipo? Watu wanaweka tatu, moja ikianguka mbili zinaendelea kuongoza. Hiyo yenu ikizimika hamuwezi hata kuuliza nani anatembea.

Mwana_Kamalondo

Nilimwandikia. Bajeti nadhani ilishonewa lile koti.

Lupopo_Damu

Mtu wa Kamalondo, wa timu ya Mazembe, kulia ni desturi. Mlizoea kumlilia refa, sasa mnalilia shefu.

Mwana_Kamalondo

Usilete mupira hapa. Ila kwa kuwa umeuleta: makombe ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika nyinyi wa Lupopo mnayo mangapi? Mazembe 5. Hesabu: 1967, 1968, 2009, 2010, 2015.

Lupopo_Damu

Na Swarm, usipoibadilisha, inatunza historia ya kazi 5. Mkileta la 6, la 1967 linafutwa.

KatubaYetu

Nimeanguka kwenye kiti.

Mzee_wa_Golf

Hilo la 1967 nililiona kwa macho yangu. Halifutwi na mtu.

Mwana_Kamalondo

Jamani, turudi kwenye mada. Mteja alicheka.

Bukavu_Mulimani

Kaka, wewe angalau grupu ya buro inanguruma. Sisi Bukavu mazutu (dizeli) tunachanga. Anayechanga kidogo ndiye anayechaji kompyuta mbili na simu ya shemeji yake. Mnamjua.

Ya_Goma243

Huyo wa simu ya shemeji yuko kila buro ya nchi hii.

Kidole_cha_Ruashi

Kwetu alileta pasi. PASI ya kunyooshea nguo. Seva zote chini.

Mama_Terminali

Pasi?? Alikuwa ananyoosha nini?

Kidole_cha_Ruashi

Suruali ya harusi. Ya mwenzake.

BetriSafi

Kwa wenye shida ya umeme: nina betri mbili za 200Ah, hazijachoka, niko Kenya, kata ya hapa L'shi, karibu na soko. Bei njoo inbox.

Bukavu_Mulimani

Andika bei hapa. Kila siku inbox, inbox.

BetriSafi

Bei inategemea mtu.

KatubaYetu

Inategemea mtu namna gani? Betri inajua mtu?

Mzee_wa_Golf

Mimi nilishanunua kwake. Msinunue.