Maji ya kuogeshea miguu yakigeuka kahawia, je, ni sumu inayotoka mwilini?

Mkaazi wa Kondele, Kisumu

Wanajukwaa, nawasalimu. Mtaani kwetu wamekuja watu wenye hema ambao huwaalika wazee wapimwe bila malipo. Mama yangu, ambaye ana kisukari, alitiwa miguu katika beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi na kifaa cha umeme, na baada ya nusu saa maji yalikuwa kahawia, yenye povu na vipande vyeusi. Kisha alionyeshwa chati isemayo kwamba rangi ya chungwa hutoka kwenye viungo, kahawia kwenye ini na kijani kwenye nyongo. Sasa anatakiwa alipie awamu nyingine pamoja na chai ya kusafisha damu, na ameambiwa kwamba vidonge vya sukari ndivyo vinavyomchafua ini. Mama ameyaona maji kwa macho yake, nami sina elimu ya kumjibu. Rangi hiyo inatoka wapi, na nizungumze naye vipi bila kumvunjia heshima?

Mwalimu wa Kemia, Nakuru

Ndugu, rangi inatoka kwenye kifaa chenyewe. Ndani yake mna vipande vya chuma, na mkondo wa umeme unapopita katika maji ya chumvi, chuma huliwa kidogo kidogo, kikaingia majini na kuwa kutu. Chumvi haitiwi ili ivute sumu. Hutiwa kwa sababu maji matupu hupitisha umeme kwa shida. Chumvi ikizidi, au mashine ikiachwa muda mrefu, rangi hukolea. Kutu inayoanza huelekea kijani, kisha ikikutana na hewa hugeuka chungwa na kahawia, kwa hiyo ile chati ya ini na nyongo inaeleza hatua za kutu tu. Mapovu ni gesi ya haidrojeni, na ikiwa mama alisikia harufu kama ya Jik, hiyo ni klorini iliyotoka katika chumvi ya mezani.

Mwaka 2004 daktari Mwingereza Ben Goldacre alimtia mwanasesere wa plastiki, Barbie, katika maji ya namna hiyo, na maji yakageuka kahawia vilevile. Sidhani kama mwanasesere ana ini. Mwaka 2012 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya kuyapima maji hayo, miguu ikiwemo na isipokuwemo, pamoja na mkojo na nywele za waliojitolea, wala hawakupata ushahidi kwamba kifaa hutoa madini yenye sumu mwilini. Mwombeni mwenye hema aiwashe mashine kwa nusu saa, kwa maji yaleyale na chumvi ileile, bila mguu wa mtu yeyote, mama akitazama. Msijaribu wenyewe nyumbani kwa umeme wa ukutani.

Binti wa Kakamega

Mwalimu, hayo ya kutu nimeyaelewa, lakini shangazi yangu alitoka katika hema kama hilo akijisikia mwepesi na akalala vizuri. Aidha, wazee wetu walitibiwa kwa miti shamba tangu zamani, nami sipendi kila kisichotoka hospitalini kiitwe utapeli.

Muuguzi wa Kliniki ya Kisukari, Kisumu

Dada, wepesi wa shangazi siukatai, kwani mtu aliyekaa nusu saa miguu ikiwa katika maji ya vuguvugu, huku akisikilizwa shida zake, lazima apate nafuu fulani. Nafuu hiyo hupatikana kwa karai la nyumbani. Miti shamba nayo ni habari nyingine: artemisinini, dawa ya malaria iliyompatia Tu Youyou wa China tuzo ya Nobel mwaka 2015, ilitoka katika mmea, lakini ilitengwa, ikapimwa kiasi chake na kujaribiwa kwa wagonjwa. Beseni hili halina mti wowote.

Kinachonitia hofu zaidi ni miguu ya mama na vidonge vyake. Kisukari cha muda mrefu hufifisha hisia za nyayo, mgonjwa akaungua katika maji ambayo yeye anayaona ya kawaida, na kidonda kidogo kikageuka donda lisilopona. Kazi ya kuondoa taka mwilini hufanywa na ini pamoja na figo, ambazo huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, ilhali jasho la nyayo ni maji na chumvi.

Usimwambie mama kwamba ametapeliwa. Fuatana naye kliniki, umwombe amwulize daktari mbele yako habari ya ini na vidonge, na apimwe wastani wa sukari wa miezi mitatu. Hadi siku hiyo asiache dawa. Ile chai ikaguliwe kama imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, maana leseni ya kaunti inayotundikwa hemani ni ruhusa ya kuuza tu.

Mkaazi wa Kondele, Kisumu

Nimewashukuru nyote. Wana pia kijiti cha chuma ambacho mtu hukishika, kisha kompyuta huchapisha ripoti ya figo, mifupa na vitamini.

Mwalimu wa Kemia, Nakuru

Kabla ya kumpima mtu, kompyuta hiyo huulizwa umri, jinsia, urefu na uzito wake. Mpeleke mtu mmoja apimwe mara mbili, mara ya pili akitaja umri na uzito mwingine, kisha ziwekeni ripoti zote mbili mbele ya mama.